Fomu Iliyokatwa kwa Mkasi

Fundi Gundi hakuwa mtu wa kununa, lakini asubuhi ile alinuna, tena kununa kweli kweli. Watu watatu walikuwa wamesimama miguuni pa kitanda chake wanaujadili mguu wake wa kulia, utadhani mwenye mguu katoka kidogo kwenda dukani. Mguu wenyewe ulikuwa nje ya shuka, umefungwa bandeji kuanzia vidoleni hadi juu ya kifundo, umetulia tuli unasikiliza. Wa kwanza alikuwa binti yake. Wa pili alikuwa mdogo wake, karani mstaafu wa mahakama, ambaye aliacha kazi lakini ukarani ulikataa kumwacha. Wa tatu alikuwa daktari wa upasuaji, mwanamke kijana mwenye miwani na sauti ya upole, ambaye Gundi alimpenda kwa kila kitu isipokuwa viatu.

Jina la Gundi alipewa na wateja, na sababu zilikuwa mbili. Vidole vyake vilikuwa na gundi ya miaka arobaini, isiyotoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Halafu, akishashika neno, halibanduki. Ukimpelekea kiatu akakwambia hiki hakishoneki, katupe, basi utalia weee, utaondoka nacho mkononi hivyo hivyo. Akikwambia njoo Ijumaa, ni Ijumaa hiyo hiyo, hata kunyeshe mvua ya mawe. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na humo ndimo alimolelea mtoto, ndimo alimokaa siku za msiba wa mkewe, na ndimo alimojichoma mguu.

Maana balaa lote lilianza na shazia, ile sindano nene ya kushonea ngozi. Ilimponyoka ikamchoma kidole gumba cha mguu, na kwa kuwa kisukari kilishamtia ganzi vidoleni, hakusikia lolote. Alikuja kujua jioni alipovua soksi. Mtu mwingine angekwenda hospitali. Yeye, kwa ufundi wake, akatoboa tundu kwenye kiatu ili kidole kipate hewa, akaendelea na kazi wiki tatu, mpaka homa ikamwangusha juu ya rundo la viatu vya watu. Ulikuwa ujinga, wala hakuukana. Daktari alipomuuliza kwa nini alichelewa, alijibu kwamba ni ujinga tu, na daktari akaandika kwenye faili maneno marefu zaidi ya hayo.

Sasa daktari alikuwa anaeleza, na alieleza vizuri. Nyama ya vidole imekufa, usaha unapanda, wasipokata leo sumu itaingia kwenye damu na hapo itakuwa habari nyingine. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kukata nusu ya mbele ya wayo, kisigino kibaki. Hiyo ni operesheni ndogo, lakini kwa mwenye kisukari kidonda kinaweza kugoma kupona, ikabidi warudi kukata tena. Ya pili ni kukata chini ya goti, mahali ambapo damu bado inafika vizuri. Hiyo ni kubwa, ina hatari zake, na mtu akitoka atahitaji mguu wa bandia. Yeye daktari angependa waanze na ile ndogo, wajaribu kuokoa kinachookoleka. Chumba cha upasuaji kitakuwa tayari saa nane mchana. Alipofika hapo akamgeukia Gundi kumuuliza anaonaje, na Gundi akafungua kinywa.

Binti yake alimuwahi. "Nusu," alisema. "Tunakata nusu."

Binti huyu alikuwa matroni wa bweni la wasichana mia mbili, na mtu anayeamsha wasichana mia mbili kila alfajiri hana muda wa kusubiri mtu afikiri. Tangu mama yake afariki, miaka tisa sasa, alikuwa amemwandikisha baba yake kichwani mwake kuwa mwanafunzi wa mia mbili na moja. Yeye ndiye anayemhesabia vidonge, yeye ndiye anayemchagulia soksi, yeye ndiye anayepiga simu saa sita mchana kuuliza amekula nini na halafu haamini jibu. Alimpenda baba yake mno. Hilo halikuwa na ubishi, na ndilo lililofanya kugombana naye kuwe kugumu.

Daktari akasema taratibu kwamba ni vyema mgonjwa mwenyewe apewe nafasi. Hakumaliza, muuguzi akaja mbio kumwambia anatakiwa wodi ya pili sasa hivi. Akaiweka fomu ya ridhaa juu ya kabati dogo la chuma, akaahidi kurudi. Basi ndugu wakatoka kwenye ukumbi wa wodi kufanya kikao. Mlango ulikuwa wazi na Gundi alisikia kila kitu. Mdogo wake alifungua kikao, akasoma ajenda, nayo ilikuwa moja, akathibitisha kwamba akidi imetimia, nayo ilikuwa watu wawili, kisha wakapitisha kwa kauli moja kwamba ikatwe nusu na kwamba mgonjwa asichoshwe na maelezo mengi. Wakarudi ndani. Binti akasaini pale palipoandikwa mgonjwa, karani akasaini pale palipoandikwa shahidi, wakampapasa mzee begani na kumwambia apumzike, mambo yote yamekwisha. Wakaenda kutafuta chai.

Gundi akabaki anaiangalia dari. Wenzake walikuwa wameufikiria mguu ule kwa huruma. Yeye aliufikiria kwa kazi. Miaka arobaini anapima miguu ya watu, na miguu nusu ameiona, tena si mmoja. Alimkumbuka mteja wake dereva wa trekta, naye mwenye kisukari, aliyekatwa nusu ya mbele hivi hivi. Alimshonea yule bwana jozi nane kwa miaka minne. Kila jozi ilikuwa na ujanja wake, ngozi laini, sifongo, soli iliyoinuliwa mbele, na kila jozi ilirudi na damu ndani. Kisigino kilikuwa kinavutwa juu, mbele kunazama, na uzito wote wa mtu unashukia palepale penye mshono wa daktari. Alirudi kwenye kisu mara tatu. Ya mwisho walikata chini ya goti, na sasa ana mguu wa bandia na hajawahi kurudi kibandani kwa Gundi ila kuja kupiga soga.

Lakini Gundi alikuwa mtu wa haki hata akiwa peke yake. Alimkumbuka pia mama muuza maziwa, naye nusu, naye anatembea miaka kumi bila taabu. Ila yule alikanyagwa na gurudumu, hakuwa na kisukari, damu yake inafika kila mahali. Akazipima habari hizo mbili. Kisha akataka kuona, maana Gundi haamini kitu mpaka akipime.

Akahitaji karatasi. Karatasi iliyokuwa karibu ilikuwa fomu ile, nzuri, nene, inayosimama. Aliisoma kwanza, hakuwa mshenzi. Ilisema, mimi mgonjwa nimeelezwa kwa lugha ninayoielewa, nimeuliza maswali yangu yote nikajibiwa, nimekubali kwa hiari yangu. Chini yake palikuwa na saini ya kupendeza sana yenye mikia miwili. Gundi aliitazama saini ile kwa muda, akijiuliza ni lini yeye aligeuka mwanamke wa miaka arobaini na nne. Aliona kwamba karatasi inayosema mimi, halafu huyo mimi hayumo, ni karatasi taka. Na karatasi taka ina kazi zake.

Alimwomba muuguzi mkasi, akasema ni wa kukatia uzi wa kifungo. Huo ulikuwa uongo na aliujua. Akaiweka fomu sakafuni, akakanyaga juu yake mguu wa kushoto, ule mzima, akauzungushia kalamu, akakata. Akaigeuza ikawa wayo wa kulia. Akaikunja pale alipodhani kisu kitapita, akaipachika ndani ya kiatu chake kilichokuwa chini ya kitanda, mbele akajaza pamba. Kisha akatia ngumi ndani ya kiatu na kukitembeza juu ya blanketi, polepole, hatua kwa hatua, akikinong'oneza, kwa sababu siku zote huzungumza na kiatu anapokifanyia kazi.

Hivyo ndivyo alivyokutwa na muuguzi, vipande vya fomu vimetapakaa juu ya shuka, mzee amevaa kiatu mkononi, anakiambia, "Hapa utaniumiza, hapa utaniumiza, sema kweli."

Haikupita dakika tano kitanda kilikuwa kimezingirwa. Karani alitazama vipande vile, akavua kofia, akasema kaka yake ameanza kuchanganyikiwa. Binti akaanza kulia bila sauti. Na Gundi, ambaye angeweza kuanza kwa kueleza habari za dereva wa trekta, au kwa kuomba radhi kwa ile fomu, alianza na jambo ambalo hakupaswa kabisa kuanza nalo.

"Nimeshaamua," alisema. "Nataka mkate chini ya goti."

Hapo ndipo alipojimaliza. Mgonjwa akikataa kukatwa, watu humwelewa, watamkalia kitako mpaka akubali. Lakini mgonjwa aliyeambiwa tutakata kidogo akasema hapana, kateni sana, huyo hana mtetezi. Binti akasema sukari imempanda kichwani. Karani akatoa ushahidi kwamba wiki iliyopita kaka yake alimwita kwa jina la marehemu kaka yao mkubwa, akasahau kusema kwamba amekuwa akimwita hivyo tangu utotoni ili kumuudhi. Muuguzi akasema kiatu kilikuwa kinahojiwa. Gundi alipopandisha sauti, walitazamana. Aliponyamaza, walitazamana pia. Alitambua kwamba mtu akishapewa wazimu, kila anachofanya ni wazimu, hata akikohoa. Na saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa nne kasoro. Ikiwa neno lake halitahesabiwa, lile la binti yake ndilo litakaloingia chumba cha upasuaji.

Daktari, aliyekuwa amesharudi na kusimama nyuma yao, alisikiliza yote, kisha akaomba nafasi ya kuzungumza na mgonjwa peke yake. Karani aliomba abaki kuandika kumbukumbu. Akakataliwa. Binti hakutaka kutoka. Daktari alimwambia hatazungumza na mgonjwa mpaka mlango ufungwe, na kwa jinsi alivyosema, matroni wa wasichana mia mbili akatoka.

Daktari akavuta kiti, akakaa, kichwa chake kikawa sawa na cha Gundi. Alianza na maswali ya kwenye karatasi yake. Leo siku gani? Alhamisi. Hapa ni wapi? Hospitali, wodi ya wanaume, kitanda cha nne, karibu na choo kwa bahati mbaya. Amtolee saba kwenye mia, aendelee kutoa. Gundi akatoa saba, akatoa saba, bila haraka, mpaka chini kabisa, akasema zimebaki mbili, je, nazo anazihitaji? Daktari akacheka bila kutaka. Akaiweka karatasi ile pembeni.

"Hayo hayaniambii ninachotaka kujua, mzee," alisema. "Hebu niambie kwa maneno yako mwenyewe. Unaumwa nini, mimi nataka kukufanyia nini, na wewe unataka nini na kwa nini?"

Katika siku tatu za kulazwa hilo lilikuwa swali la kwanza alilopewa kwa ukamilifu wake, na Gundi alipumua. Akaeleza. Vidole vimekufa kwa sababu ya sukari na ubishi. Asipokatwa atakufa, tena upesi, na hataki kufa, ana viatu vya watu kumi na mmoja kibandani. Akikatwa nusu atabaki na kisigino, huenda akapona, huenda asipone. Akikatwa chini ya goti anaweza kupoteza damu, anaweza kupata nimonia, anaweza kufa mezani, na akiamka atauota mguu ambao haupo, dereva wa trekta alimwambia hivyo. Hapo akakichukua kiatu. Akamwonyesha wayo wa karatasi, akamwonyesha pale mshono utakapokaa, akamwomba atie mkono wake mwenyewe ndani na kukanyaga. Daktari akatia mkono. Kiatu kikainama mbele, na pembe ya karatasi ikajikunja palepale Gundi alipokuwa amesema.

Daktari aliendelea kukigeuza kiatu mkononi. Gundi alidhani hajaamini, akaona amwongezee. Akamwambia kwamba kiatu cha daktari mwenyewe, cha kushoto, kimeliwa kisigino upande wa nje, na kwamba ikifika jioni nyonga ya upande huo inamuuma, na kwamba amekuwa akijiambia ni uchovu. Daktari alitazama kiatu chake, akaurudisha mguu chini ya kiti.

"Sisi tunawaona wagonjwa mpaka kidonda kinapofunga," alisema. "Wewe unawaona baada ya hapo. Lakini hao ni watu wawili tu, mzee. Nimeshaona nusu nyingi zikipona."

Gundi akakubali kwamba ni wawili tu, na kwamba yeye si daktari. Ndipo daktari akauliza jambo ambalo mzee hakulitegemea. Aliuliza kama anamkasirikia binti yake, na kama huenda anachagua goti kwa sababu binti kachagua nusu.

Swali lile lilimwingia. Alikiweka kiatu chini, akakusanya vipande vya fomu juu ya shuka kimoja kimoja, na kimojawapo kilikuwa na saini yenye mikia miwili.

"Hasira ninayo," alisema. "Nyingi. Lakini si ya kukatia mguu." Akakigeuza kipande kile mkononi. "Mke wangu aliingia mlango wenu ule wa upasuaji mara tatu. Kila mara wanatuambia ni kidogo tu, hiki tu, tutaona. Kila mara anatoka tunashangilia. Mimi nilikuwa naye, binti yetu alikuwa naye. Mara ya tatu hakutoka. Mimi siwezi kusubiri kuitwa tena, Daktari. Sina moyo huo. Nataka niingie mara moja, nikubali hasara yangu yote siku moja, halafu nijifunze kutembea. Kama nitakosea, nimekosea mimi."

Hakuwa amelisema hilo kwa mtu yeyote, wala kwa kiatu chochote.

Daktari alivua miwani akaifuta. Kisha akamwambia mambo mawili. La kwanza, kwamba angekuwa yeye bado angeanza na nusu. La pili, kwamba hilo si kitu, kwa sababu kazi yake leo haikuwa kutafuta kama wanakubaliana, ilikuwa kujua kama anaelewa anachochagua na kama anachagua yeye, na amejua. Na akaongeza, akimtazama usoni, kwamba kosa la fomu ile lilikuwa lake, hakupaswa kuiacha juu ya kabati mtu mwingine aisaini, na anaomba radhi. Gundi hakukumbuka daktari aliyewahi kumwomba radhi. Akasema yameisha, na kwamba naye alimdanganya muuguzi juu ya kifungo.

Daktari alitoka nje akampigia simu mkubwa wake, akazungumza naye kwa muda mrefu huku akiandika. Aliporudi alikuwa na fomu mpya, na nyuma yake binti na karani.

Alipoambiwa, binti hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akashika bandeji kwa vidole viwili.

"Baba, mguu mzima," alisema. "Mimi nilitaka ubakiwe na kitu. Kwa Mama walichukua, wakachukua. Nikasema safari hii wachukue kidogo kabisa."

Gundi alimtazama. Miaka tisa alidhani ni yeye peke yake aliyekuwa akiuhesabu mlango ule. Kumbe mtoto naye alikuwa akiuhesabu, ila kila mmoja alihesabu kwa upande wake wakapata majibu mawili. Akamwambia hivyo. Akamweleza habari za dereva wa trekta na za mama muuza maziwa, akampa naye kiatu atie mkono. Binti akatia mkono, akakanyaga, akaona, akatikisa kichwa.

"Bado sikubali," alisema.

"Najua. Sikuombi ukubali, mwanangu. Nakuomba ukae nami mpaka mlangoni."

Binti akalia basi, safari hii kwa sauti, na baba yake akamshika kichwa kwa vidole vyake vya gundi, nywele mbili tatu zikanasa, ikabidi wazitoe polepole, wakaishia kucheka wote wawili huku makamasi yanamtoka binti. Karani alikuwa amegeukia dirisha, anapenga kamasi kwenye kitambaa. Alipojirudi akaomba fomu mpya, akaisoma yote kuanzia juu kwa sauti ya mahakamani, kifungu kwa kifungu, akimuuliza kaka yake kila mahali kama anaelewa, na Gundi akijibu naelewa, naelewa, endelea, mguu unaoza. Gundi akasaini pale pa mgonjwa. Saini yake haikuwa na mikia, ilikuwa imeinama kidogo, na chini yake kidole kiliacha alama ya gundi. Karani akasaini pale pa shahidi, na safari hii alikuwa ameshuhudia kitu.

Saa nane kasoro robo wakamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Binti upande huu, karani upande ule, korido ndefu yenye harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, watu wanapisha. Gundi alikuwa anatania njia nzima. Alimwambia msukumaji kwamba gurudumu la mbele kushoto linataka grisi. Alimwambia mdogo wake kwamba sasa atanunua soksi moja moja. Wakafika kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, mlango wa mbao uliopakwa rangi ya kijani, wenye vioo viwili vya duara, na utani ukamkauka.

Daktari alikuwa anawasubiri, amevaa kofia ya nguo. Aliinama akamuuliza jina lake, akajibu. Akamuuliza mguu upi, akajibu. Kisha akamwambia kwamba hadi dakika hii anaweza kubadili mawazo. Anaweza kusema nusu, anaweza kusema hapana, hakuna atakayemkasirikia. Bado anataka wakate chini ya goti?

Gundi alifungua kinywa na neno halikutoka. Aliutazama mlango. Mikono yake, iliyopitisha sindano kwenye ngozi ngumu miaka arobaini, ilikuwa inakunja na kukunjua pindo la shuka na kila mtu alikuwa anaiona. Alitaka mtu aseme kwa niaba yake. Kweli kabisa, kwa dakika ile angempa neno lake yeyote ambaye angelipokea, na alijua ni nani angelipokea. Akageuza macho kwa binti yake.

Binti alikuwa amefungua kinywa tayari. Neno lilikuwa limemfika kwenye meno, Gundi aliliona, fupi, ni lile lile la asubuhi. Akalimeza. Karani alipoanza kukohoa ili aseme kitu, akamshika mkono akamnyamazisha. Akasimama hapo, machozi yanamshuka, hafuti, anamtazama baba yake tu, anangoja. Daktari akangoja. Msukumaji akaliachia gurudumu akangoja naye. Hakuna aliyetazama saa.

Gundi hajawahi kungojwa namna hiyo maishani mwake. Alijipa muda wote aliouhitaji.

"Naogopa sana," alisema mwisho. "Na bado nataka. Chini ya goti. Twendeni."

Daktari akaitikia kwa kichwa, kitanda kikaanza kusogea. Gundi alijisikia mwepesi kiasi cha kurudia tabia zake. Akanyanyua kichwa, akakumbuka kwamba mtoto wake hajatia kitu tumboni tangu jana, hata ile chai ya asubuhi hakuinywa, akamnyooshea kidole.

"Wewe nenda ukale sasa hivi. Usikae hapa na njaa. Nimeshasema."

"Hilo nitaamua mwenyewe, Baba," alisema binti yake.

Gundi alicheka hata wakati mlango unafungwa, na waliokuwa ndani walimpokea bado anacheka, wakamuuliza kuna nini, akawaambia wamwache kwanza amalize.